Je, wajua kuwa dira ya redio huvutwa na radi?

Wengi wanaamini kwamba ndege za zamani zilikwenda kwa kubahatisha, rubani akichungulia mito na reli chini. Imani hiyo inaniudhi. Boeing 737-200 za Air Tanzania, zilizonunuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 baada ya East African Airways kuvunjika mwaka 1977, zilivuka mawingu kati ya Dar es Salaam na Mwanza bila GPS. Februari 1982 mojawapo ilitekwa ikitoka Mwanza, ikapitia Nairobi, Jeddah na Athens, ikafika hadi Stansted, Uingereza. Hiyo ilikuwa ndege ya safari za ndani.

Kati ya vifaa vya ndege za enzi hiyo, ninachokipenda kuliko vyote ni dira ya redio, ambayo marubani huiita ADF. Ni sindano juu ya duara la nyuzi 360. Ukichagua masafa ya mnara wa redio ulioko karibu na uwanja, sindano inageuka na kuelekea mnara ulipo. Haikuambii umbali wala kimo. Inakuonyesha upande tu, na kwa mtu aliyezungukwa na wingu upande ni jambo kubwa.

Kazi hiyo inafanywa na antena ya kitanzi. Kitanzi kikiuelekezea mnara ukingo wake, mawimbi hupokelewa kwa nguvu. Kikiutazama kwa ubapa, sauti inakufa. Waliobuni kifaa hiki walichagua kutafuta ule ukimya, kwa sababu sauti inapojaa huwezi kusema imejaa zaidi wapi, lakini inapokufa panatambulika bila ubishi. Yeyote aliyewahi kuzungusha redio ndogo ya mawimbi ya kati juu ya meza ili asikie taarifa ya habari vizuri, pale Kahama au Maswa, alikuwa akifanya kazi ileile ya ADF. Jaribu mchana: shika stesheni, geuza redio polepole, utafika mahali inazama kabisa. Hapo kijiti cheusi cha feraiti kilichomo ndani kimelala sambamba na njia inayokwenda kwenye mtambo wa kurushia matangazo.

Tatizo ni kwamba ukimya unapatikana mara mbili, mnara ukiwa mbele na ukiwa nyuma. Ndiyo maana ikaongezwa antena ya pili isiyojali upande. Ishara za antena hizo mbili zikichanganywa, upande mmoja hujaa na mwingine hujifuta, na sindano inajua mbele ni wapi. Katika mitambo ya mwanzo kimota kidogo kilizungusha kitanzi chenyewe. Baadaye vitanzi viwili vilivyokingamana vilifungwa imara kwenye mwili wa ndege, na kikazunguka kijikoili kidogo ndani.

ADF hupokea kuanzia kama kilohezi 190 hadi 1750, kwa hiyo mawimbi ya kati ya matangazo ya kawaida yamo. Rubani angeweza kusikiliza Redio Tanzania huku sindano ikimwonyesha mtambo ulipo. Desemba 1941 marubani wa Japani walifuata kwa namna hiyohiyo stesheni ya Honolulu walipokwenda kushambulia Pearl Harbor.

Sasa njoo Kanda ya Ziwa. Radi ni mtambo wa redio usio na leseni: kila inapopiga inatoa mawimbi ya masafa mengi, yenye nguvu hasa katika masafa ya chini ambako ADF inasikiliza. Sindano inauacha mnara, inarukia kwenye wingu, kisha inarudi ikiyumba. Na Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Usiku upepo wa nchi kavu huingia ziwani kutoka pande zote, hewa yenye unyevu inasukumwa juu, na dhoruba zinajengeka hadi alfajiri. Usiku huohuo mawimbi ya mnara hurudi pia kutoka angani na kuiyumbisha sindano zaidi. Kwa hiyo rubani aliyeikaribia Mwanza katika giza alikuwa na kifaa kinachomvuta kwenye kitu ambacho alitakiwa kukikwepa. Wenye uzoefu waliigeuza kasoro hiyo kuwa faida, wakaitumia sindano inayorukaruka kujua dhoruba iko upande gani. Robert Watson-Watt, ambaye baadaye alisifika kwa rada, alianza kwa kutafuta radi kwa redio.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni mnara kuzimika. Katika ADF nyingi hakuna bendera nyekundu ya kukuonya. Sindano inaweza kubaki palepale, imetulia kana kwamba mambo ni shwari. Dawa yake ni sikio: rubani huacha herufi za Morse zinazoutambulisha mnara zikilia kwa sauti ya chini muda wote.

Jambo moja ambalo ADF hailijali ni usumaku wa miamba. Miamba ya Geita inayobeba dhahabu ina tabaka za chuma zenye magnetaiti, na mwanajiolojia anayeshika dira ya sumaku ya mkononi juu yake anajua inavyomdanganya.

ADF zikishang'olewa kwenye ndege huuzwa kwa kilo. Viunganishi vyake vya zamani vilipakwa dhahabu, na palipo na dhahabu pana mwenye kuichoma saketi ili aipate. Naona ni hasara mbaya. Gramu chache za dhahabu Geita huzipata kwa kusaga tani nzima ya mwamba, lakini ADF ikishachomwa hairudi. ADF nzima kwenye meza ya mwanafunzi wa VETA Shinyanga, au wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, ingemfundisha antena, mota na saketi kwa siku moja. Wala elimu hiyo haijapitwa na wakati. Aprili 2024 shirika la ndege la Finnair lilisimamisha safari za Tartu, Estonia, kwa sababu GPS ilikuwa ikivurugwa, na zilirudi baada ya uwanja kuweka njia ya kutua inayotegemea redio za ardhini.

Matumizi mengine ya dira ya redio: kukatisha mielekeo ya minara miwili ili kujua ulipo, kuzunguka juu ya mnara ukisubiri zamu ya kutua, kushuka kuelekea uwanja usio na mtambo wa gharama, meli kutafuta bandari, waokoaji kutafuta chombo kilichopotea, na kusikiliza mpira.