Aliyefunga Uzazi Anaweza Kupata Mtoto Tena

Mwanaume aliyefunga uzazi akiwa na watoto wanne anaweza kufiwa na mke, akaoa tena, na mke huyo akatamani mtoto. Wengi hudhani hapo hakuna la kufanya. Lipo, ila halitakiwi kucheleweshwa.

Kufunga uzazi hakuzuii korodani kutengeneza mbegu. Kinachokatwa ni mirija miwili inayozisafirisha. Mbegu huendelea kuzalishwa, kisha hufa na kufyonzwa na mwili. Ndiyo maana mirija ikiunganishwa vizuri, mbegu zinaweza kupita tena.

Kazi hiyo ni ya ustadi mkubwa, kwani tundu la mrija halifiki hata milimita moja. Tangu miaka ya 1970 madaktari hutumia hadubini na uzi mwembamba kuliko unywele. Daktari huchanja ngozi ya pumbu, huondoa sehemu yenye kovu, kisha huchunguza majimaji yanayotoka upande wa korodani. Yakiwa na mbegu, hushona ncha kwa ncha. Yakiwa mazito kama dawa ya meno na hayana mbegu, huenda njia imeziba karibu zaidi na korodani. Hapo mrija hushonwa kwenye epididimisi, kijirija kilichojisokota nyuma ya korodani ambamo mbegu hukomaa. Upasuaji huu ni mgumu zaidi, na mbegu huchukua muda mrefu zaidi kuonekana.

Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1991 ulionyesha uzito wa miaka. Kwa waliorekebishwa kabla ya miaka 3 kupita tangu wafunge uzazi, mbegu zilirudi kwa asilimia 97 na wake waliopata mimba walikuwa asilimia 76. Kwa waliokaa miaka 15 au zaidi, viwango vilishuka hadi asilimia 71 na 30. Umri wa mke nao huamua mengi.

Njia nyingine ni kuvuna mbegu kwa sindano au upasuaji mdogo, kisha mbegu moja hudungwa ndani ya yai maabarani. Mbinu hiyo ya kudunga ilianzia Brussels, Ubelgiji, na watoto wa kwanza walizaliwa mwaka 1992. Huwafaa hasa wenzi ambao mke naye ana tatizo la uzazi au umri wake umesogea.

Kwa hiyo nendeni kliniki nyote wawili, mke naye apimwe kabla ya mume kupasuliwa. Na wewe unayefikiria kufunga uzazi leo, uchukulie kuwa ni uamuzi wa kudumu.