Baisikeli Iliyoibwa na Njia ya Kuipata Tena

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za jambo linalowapata watu wengi wa Nachingwea na Ruangwa, nalo ni kuibiwa baisikeli. Hatukusudii kusema tu kwamba wizi ni mbaya, maana hilo kila mtu alijua. Twataka kueleza jambo lenye kufaa zaidi: kwa nini baisikeli moja ikiibwa hurudi kwa mwenyewe, na nyingine hairudi kamwe.

Na tuchukue mfano wa mkulima wa Naipanga, katika wilaya ya Nachingwea. Huyu si mtu tunayemjua kwa jina. Ni mfano tu, lakini mfano wake ni wa wengi. Baisikeli yake ndiyo mchukuzi wake. Ufuta ukivunwa, na baadaye korosho zinapoanza kuokotwa, magunia hufungwa juu ya keria na kusukumwa mpaka ghala la chama cha ushirika. Mtoto wake huipanda kwenda shule, na mtu akiugua nyumbani hupakiwa nyuma kupelekwa zahanati. Basi siku moja mkulima huyu aliiegemeza ukutani mbele ya duka mjini, akaingia kununua sukari na sabuni, na alipotoka hakuiona. Hasara yake si ya chuma na mpira tu. Tangu siku hiyo kila gunia litachukuliwa na pikipiki ya kulipia, na jasho la shamba litaanza kupungua njiani kabla halijafika ghalani.

Kwa desturi mtu aliyepatwa na msiba huo hufanya moja katika mambo matatu. Wa kwanza hupiga kelele za "Mwizi!" na kumkimbilia yeyote aliye na baisikeli inayofanana na yake. Wa pili huenda kwa mganga ili atajiwe jina la mwizi. Wa tatu hukaa kimya, akijifariji kwa methali isemayo kwamba siku za mwizi ni arobaini. Njia hizi zote hazifai, na ile ya kwanza ni ya hatari kuu, kama tutakavyoeleza mbele. Ama hiyo ya tatu, kweli methali yatufundisha kwamba uovu haufichiki daima. Lakini siku arobaini zatosha sana baisikeli kupakwa rangi mpya, kubadilishwa magurudumu na tandiko, na kuuzwa mara mbili au tatu.

Ili tufahamu jinsi baisikeli inavyopotea, yatupasa kuitazama nchi yenyewe. Mji wa Nachingwea ulikua kwa haraka baada ya mwaka 1947, wakati Serikali ya Kiingereza ilipoanzisha mpango wake mkubwa wa kulima karanga. Mpango ule ulishindwa, ukaachwa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kutoka pwani haipo tena. Jina lake limebaki katika kata iitwayo Stesheni. Lakini Nachingwea ni mji wa njia nyingi hata sasa. Njia moja yaenda Masasi, nyingine yaenda Liwale, na nyingine yaenda Ruangwa. Na kutoka Ruangwa mtu aweza kushuka mpaka Nanganga, akaingia katika barabara kuu ya Lindi na Masasi. Usiku mmoja wamtosha mwizi kuitoa baisikeli katika wilaya moja na kuiingiza katika nyingine, mahali ambapo hakuna anayeijua wala kumjua mwenyewe.

Kwa hiyo kumfukuza mwizi kwa miguu, bila kujua alikopita, ni kazi bure. Kitu kiwezacho kumtangulia ni habari. Siku hizi habari hufika Masasi au Liwale kwa simu katika muda wa dakika chache. Lakini simu haina faida ikiwa mwenyewe hana la kueleza. Akisema, "Baisikeli yangu ni Phoenix, ni nyeusi, ina keria," amesema nini? Baisikeli nyeusi za Phoenix, zitokazo Shanghai katika nchi ya China, zimejaa katika kila kijiji, na karibu zote zina keria. Polisi hawezi kuzisimamisha zote.

Shida hii si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1948 huko Italia ilitolewa sinema mashuhuri ya Vittorio De Sica, ambayo jina lake maana yake ni "Wezi wa Baisikeli". Yaeleza habari za mtu maskini wa mji wa Roma aliyepata kazi ya kubandika matangazo kutani, kwa sharti la kuwa na baisikeli. Na siku ya kwanza ya kazi ikaibwa. Alikwenda pamoja na mwanawe na rafiki zake katika soko la vyombo vya baisikeli. Wakagawana kazi: wengine watazame fremu, wengine magurudumu, na mtoto atazame pampu na kengele, maana walijua kwamba kitu cha wizi huuzwa vipande vipande. Akamwona mtu anapaka rangi fremu, akataka aonyeshwe namba yake, hata askari akaitwa. Namba ikasomwa, nayo haikuwa yake. Baadaye alimshika kijana aliyeamini kuwa ndiye mwizi. Lakini kitu hakikuonekana nyumbani mwake, wala shahidi hakuwapo. Alibaki na imani yake tu, na imani ya mtu si ushahidi.

Hadithi ile yatuonyesha mambo mawili. Kwanza, namba ndiyo iliyosema kweli, ikamwepusha yule mpaka rangi na shutuma ya bure. Pili, baisikeli huweza kuvunjwa, kwa hiyo haitoshi kuijua fremu peke yake.

Basi namba hiyo iko wapi? Baisikeli nyingi zina namba iliyopigwa katika chuma cha fremu kiwandani. Mara nyingi huonekana chini, mahali zinapozungukia pedali, au juu, karibu na mahali tandiko linapoingia katika fremu. Pengine imefunikwa na matope au grisi. Ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka isomeke. Iandike katika daftari, pamoja na jina la baisikeli, siku uliyoinunua, na jina la aliyekuuzia, kisha uihifadhi stakabadhi humo humo. Wenye simu za kupiga picha na waipige picha baisikeli nzima, na namba yake kwa karibu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari, na maneno hayo yaweza kuwa yalisemwa kwa ajili ya baisikeli.

Baada ya namba, tia alama zako mwenyewe. Alama ya wazi, kama jina lililopakwa rangi kwenye fremu, humtia mwizi uvivu kidogo, lakini aweza kuifuta. Kwa hiyo weka na alama ya siri. Piga nukta tatu kwa msumari chini ya tandiko. Andika jina lako katika karatasi, uizungushie mfuko wa nailoni, uisokomeze ndani ya bomba la tandiko. Kwaruza herufi moja upande wa ndani wa keria. Usimwambie kila mtu. Alama yenye thamani ni ile unayoweza kuitaja wewe kabla hujaonyeshwa kitu chenyewe.

Neno hili la mwisho ni kubwa, nasi twaomba lishikwe. Katika mahakama zetu, mtu anayedai kuwa kitu kilichokamatwa ni chake hutakiwa kwanza aeleze alama zake maalum, ndipo aonyeshwe. Akionyeshwa kwanza kisha akasema, "Ndiyo, naijua, hata huu mkwaruzo ni wangu," maneno yake hupungua nguvu, kwa kuwa kila mtu aweza kuusoma mkwaruzo ulio mbele ya macho yake.

Tuseme sasa baisikeli imekwisha ibwa. Fanya haya, na uyafanye siku ile ile. Waulize waliokuwa karibu, ukumbuke majina ya walioona. Mwarifu mwenyekiti au mtendaji wa kijiji au mtaa. Kisha nenda kituo cha polisi. Kutoa habari ya wizi hakuna malipo. Eleza namba, alama, mahali na saa, na uhakikishe yameandikwa; omba namba ya taarifa yako, ambayo watu huiita RB. Sema kwamba imeibwa, usiseme imepotea, maana hayo ni mambo mawili mbalimbali. Baada ya hapo wape namba ile mafundi wa baisikeli wa mjini na wa njiani, na jamaa zako walio Ruangwa, Masasi na Liwale. Fundi ndiye mtu anayezipindua baisikeli na kuziona chini. Hapana awezaye kuitambua mapema kuliko yeye.

Kwa nini twasisitiza siku ile ile? Kwa sababu sheria nayo huhesabu siku. Mtu akikutwa na mali iliyoibwa karibuni, naye hana maelezo ya kuaminika ya jinsi alivyoipata, mahakama yaweza kumhesabu kuwa ndiye mwizi au mpokeaji wa mali ya wizi. Lakini lazima yathibitishwe mambo manne: kwamba kitu kilikutwa kwake; kwamba bila shaka ni mali ya mlalamikaji; kwamba kiliibwa karibuni; na kwamba ndicho kitu kilichotajwa katika mashtaka. Neno "karibuni" hutegemea aina ya kitu. Kitu kinachopita upesi kutoka mkono mmoja hadi mwingine, kama baisikeli, hakingoji miezi mingi. Aliyekawia kutoa habari amempa mwizi nafasi ya kusema, "Nami niliinunua zamani."

Yafaa pia mtu ajue kwamba kuonekana kwa baisikeli siyo mwisho wa safari. Kesi ikifunguliwa, baisikeli huwa kielelezo, yaani ushahidi unaowekwa mpaka uonyeshwe mahakamani. Pengine utaiona imeegemezwa kituoni, nawe huruhusiwi kuipanda. Usikate tamaa, wala usimshuku askari kwa sababu hiyo. Mahakama ina uwezo wa kuamuru mwenyewe arudishiwe mali yake. Nawe utahitaji tena daftari lile na stakabadhi ile.

Sasa tuwageukie wanunuzi, maana kama pasingekuwa na mnunuzi mwizi asingepata faida. Mtu akikuletea baisikeli jioni, kwa bei ya chini kupita kiasi, hana stakabadhi, na ana haraka, basi anakuuzia shida. Kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, adhabu ya wizi yaweza kufika kifungo cha miaka 7. Lakini adhabu ya kupokea mali ya wizi, kwa mtu anayejua au aliye na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi, yaweza kufika miaka 10. Hata mnunuzi asiyejua lolote aweza kunyang'anywa baisikeli na kupoteza fedha zake, kwa kuwa asiye mwenye mali hawezi kumpa mwingine umilki asio nao. Kwa hiyo nunueni mbele ya mjumbe au ofisi ya kijiji, andikianeni hati yenye namba ya fremu, na muuzaji atie sahihi.

Zamani, katika sehemu nyingi, baisikeli ilikatiwa leseni na kufungwa kibati chenye namba. Watu hawakukipenda kibati kile, maana kilikuwa na ada. Lakini kilikuwa na faida moja: palikuwa na daftari ofisini lililoonyesha baisikeli ni ya nani. Katika Japani, tangu 1994 sheria yamtaka kila mwenye baisikeli aiandikishe, ili ikiibwa ijulikane. Kijiji kikitaka chaweza kuweka daftari lake chenyewe, bila ada: kitabu kimoja katika ofisi ya mtendaji, na kila mwenye baisikeli aandike namba yake.

Tuliahidi kueleza hatari ya kelele. Neno "Mwizi!" likipigwa sokoni halirudi mdomoni. Watu wasioijua baisikeli yako wala kumjua unayemshika huja na fimbo na mawe, na mtu aweza kuuawa kabla namba haijasomwa. Kumbukeni mpaka rangi wa Roma: fremu yake haikuwa ya wizi ule. Na jina litajwalo na mganga huleta uadui kati ya majirani, wala halikubaliwi na mahakama. Ukiiona baisikeli unayoidhania ni yako, usimguse aliye nayo. Mwangalie anakokwenda, mwite kiongozi au askari, utaje alama zako, kisha ndipo ipinduliwe isomwe. Ikiwa si yako, hapana aliyeumia.

Hatuwezi kumwahidi mtu kwamba baisikeli yake itarudi. Nyingi hazirudi, na huo ndio ukweli. Lakini isiyo na namba katika daftari, hata ikipita mbele ya kituo cha polisi mchana, hakuna awezaye kuisimamisha kwa haki. Yenye namba na alama inaweza kukamatwa Liwale na mtu asiyemjua mwenyewe, ikarudi Naipanga.

Basi leo, kabla ya kulala, ipindueni baisikeli yenu, mwangaze taa chini yake, mwandike namba. Kazi hiyo haizidi dakika tano, wala haina gharama. Kesho mnunue kufuli.