Kahawa Yako na Kahawa ya Wenzako wa Ng'ambo

Ndugu mkulima, pengine umewahi kujiuliza kwa nini bei ya kahawa hupanda mwaka huu na kushuka mwaka ujao, hali wewe umelima shamba lile lile na mvua imenyesha kama kawaida. Jibu haliko Embu wala Meru. Liko katika nchi za mbali, ambako watu wengine wanalima zao lile lile unalolima wewe. Yafaa basi tuzitazame nchi hizo moja moja, tuone ardhi yao, kazi yao na desturi zao, ili tujue wao wanatushinda wapi na sisi tunawashinda wapi.

Ardhi yetu

Tuanze nyumbani. Upande wa mashariki wa Mlima Kenya, kutoka Manyatta na Runyenjes kupita Chuka hadi Imenti, una udongo mwekundu wenye rutuba uliotokana na moto wa mlima zamani za kale. Karibu na msitu tunapanda chai, chini yake kahawa, na chini zaidi mahindi, ndengu na mtama. Kahawa yetu nyingi iko kati ya mita 1,400 na 1,800 juu ya bahari. Hapo usiku huwa na baridi, matunda huiva polepole, na kwa sababu hiyo ladha yake huwa nzuri. Tena tunapata mvua mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo tunavuna mara mbili. Lakini nchi yetu ni ya miteremko na mabonde, na mashamba ni madogo. Kazi yote ni ya mikono.

Brazili: nchi ya tambarare

Brazili peke yake hutoa karibu theluthi moja ya kahawa yote ya dunia. Mashamba mengi katika jimbo la Minas Gerais yako juu ya uwanda mpana, na mashine hupita kati ya mistari zikitikisa matunda mpaka yaanguke, mabichi na mabivu pamoja. Huko mvua ni ya msimu mmoja, na wakati wa kuvuna ni wa ukavu, basi matunda mengi huanikwa juani pamoja na maganda yake. Mtu mmoja mwenye mashine hufanya kazi ya watu wengi sana.

Lakini Brazili ina adui ambaye sisi katika mashamba yetu ya kahawa hatumwogopi sana, naye ni jalidi. Mwezi wa Julai mwaka 1975 jalidi kali iliua miti ya kahawa mingi mno katika jimbo la Paraná. Bei ya dunia ikapanda kwa ghafula, na katika miaka ya 1976 na 1977 mkulima wa Kenya akapata fedha ambazo hakuzizoea. Wengi walijenga nyumba za mabati na kusomesha watoto. Haikuwa kwa sababu walikuwa wameongeza bidii. Ilikuwa kwa sababu ya baridi ya usiku katika nchi ambayo hawakuiona kamwe.

Vietnamu: wageni walioingia sokoni

Habari ya pili si ya furaha. Mpaka mwaka 1989 nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilikuwa na mapatano ya kugawana soko, kila nchi na kiasi chake. Mwezi wa Julai mwaka huo mgawanyo huo ulivunjika, na bei ikaanguka. Katika miaka iliyofuata Vietnamu, ambayo zamani ilikuwa ikiuza kahawa kidogo tu, ilipanda robusta katika nyanda zake za juu, ikainyweshea maji wakati wa kiangazi na kuitia mbolea nyingi, hata ikawa nchi ya pili kwa wingi wa kahawa duniani. Kufikia mwaka 2001 bei ilikuwa imeshuka vibaya sana.

Mambo hayo, pamoja na madeni ya vyama, magonjwa na gharama za dawa, ndiyo yaliyowavunja moyo wakulima wetu. Kenya ilitoa tani karibu 130,000 katika msimu wa 1987/88. Katika miaka ya karibuni imekuwa ikitoa kama tani 40,000 au 50,000 hivi. Miti mingi imeachwa magugu, na mingine imeng'olewa.

Kolombia: ndugu zetu wa milimani

Sasa tazama Kolombia. Nchi hii iko karibu na mstari wa Ikweta kama sisi, ina milima kama sisi, mashamba mengi ni madogo, na matunda huchumwa kwa mkono na kuoshwa. Wakulima wake wana chama kikubwa cha taifa tangu mwaka 1927, chenye mabwana shamba wake na kituo chake cha utafiti.

Kolombia nayo ilipata msiba. Mvua nyingi zilileta kutu ya majani, na mavuno yakashuka kutoka magunia zaidi ya milioni 12 mwaka 2007 hadi chini ya milioni 8 mwaka 2012. Hawakung'oa wakakata tamaa. Waliondoa miti mizee na kupanda aina zinazostahimili kutu, shamba kwa shamba, na mwaka 2015 wakavuna magunia zaidi ya milioni 14. Basi mtu asikuambie kwamba kahawa ya mlimani ikishuka haiwezi kuinuka tena.

Desturi za wanywaji

Ethiopia ndiko kahawa yetu ya arabika ilikotoka. Huko hukaangwa mbele ya mgeni, hupikwa katika jebena ya udongo na kunywewa vikombe 3, kimoja baada ya kingine. Karibu nusu ya kahawa ya Ethiopia hunywewa na wenyewe. Brazili nayo ni nchi ya pili duniani kwa kunywa kahawa, baada ya Marekani. Kwa majirani zetu Buganda na Bukoba mgeni hupewa buni za kutafuna, na Mombasa na Lamu kahawa chungu humiminwa kutoka katika dele barazani.

Sisi tulio mlimani tunalima kahawa lakini tunakunywa chai ya maziwa. Karibu kahawa yetu yote huenda ng'ambo, hasa Ulaya na Marekani. Anayemtegemea mnunuzi wa mbali hana budi kujua sheria zake. Wakulima wa miraa wa Igembe wanalijua jambo hili, kwa maana Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, soko lao lilifungwa mara moja. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria mwaka 2023 kwamba kahawa inayoingia kwao isitoke katika msitu uliokatwa baada ya 31 Desemba 2020. Tarehe ya kuanza imeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini chama chako kikija kupima na kuandika mahali shamba lako lilipo, usikatae.

Nguvu yetu iko wapi?

Hatuwezi kushindana na Brazili kwa mashine, wala na Vietnamu kwa wingi. Nguvu yetu ni baridi ya mlima na macho ya mchumaji. Mashine haitofautishi vizuri tunda jekundu na la kijani, lakini mkono wako hutofautisha. Kila debe lenye matunda mabichi unalopeleka kiwandani linakufananisha na yule wa tambarare, naye atakushinda kwa urahisi.

Tena angalia mavuno ya mti. Mkulima mdogo wa kwetu mara nyingi hupata kilo 2 au 3 tu za matunda kwa mti, hali mti uliotunzwa waweza kutoa kilo 10 au zaidi. Ikiwa una miti 300 yenye kutoa kilo 2, una matunda kilo 600, na kwa kuwa kilo 7 hivi hutoa kilo 1 ya kahawa safi, unabaki na kilo 85 tu. Miti hiyo hiyo ikitoa kilo 10, utapata zaidi ya kilo 420.

Kwa hiyo, kabla ya kushika shoka, fanya haya. Pogoa, na ubadili mashina yaliyozeeka. Tia samadi. Ikiwa ugonjwa wa matunda unakumaliza kwa gharama ya dawa, mwulize bwana shamba juu ya kubebesha Ruiru 11 au Batian juu ya mashina uliyo nayo. Chuma matunda mekundu peke yake, uyapeleke kiwandani siku ile ile. Na siku ya mkutano wa chama nenda, uulize hesabu. Jalidi ya Brazili na bei ya dunia haziko mkononi mwako, lakini mambo haya yako mkononi mwako.