Durban: Wapenzi wa mawe na elimu ya kulitambua jiwe

Mwezi Juni mwaka 2021, watu zaidi ya elfu moja walimiminika na sururu na majembe katika kijiji cha KwaHlathi, karibu na mji wa Ladysmith, jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini. Mchunga ng'ombe mmoja alikuwa ameokota mawe yanayong'aa, na uvumi ukaenea kwamba ardhi hiyo ina almasi. Baadhi ya mawe hayo yaliuzwa papo hapo kwa randi 100 hadi 300. Siku chache baadaye serikali ilitangaza matokeo ya uchunguzi: ilikuwa kwatzi, mojawapo ya madini yaliyo mengi mno duniani. Eneo lenyewe, wataalamu walieleza, liko ukingoni mwa mwamba wa doleriti, si mahali penye almasi.

Katika nchi yenye ukosefu mkubwa wa ajira, si haki kuwacheka waliochimba. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, mchimbaji mdogo wa Tanzania, Saniniu Laizer, alikuwa ameuza mawe mawili makubwa ya tanzanaiti kwa shilingi bilioni 7.7. Lakini Laizer alichimba Mererani, ambako tanzanaiti inajulikana tangu mwaka 1967. KwaHlathi hapakuwa na historia ya namna hiyo.

Kisa hicho kinafafanua kwa nini burudani ya kukusanya mawe si ya kubezwa. Afrika Kusini ina vyama kadhaa vya wapenzi wa mawe, vilivyounganishwa katika shirikisho la vito na madini liitwalo FOSAGAMS, na wengi wa wapenzi hao si wanajiolojia kwa taaluma. Nyenzo zao ni chache: nyundo, tindo, lenzi ya kukuzia, kipande cha kigae na siki kidogo. Siki hutoa povu ikidondoshewa mwamba wa chokaa. Jiwe likisuguliwa upande wa nyuma wa kigae, ule usiong'arishwa, huacha unga ambao rangi yake husaidia kuyatambua madini.

Kipimo kinachowapotosha wengi ni cha kioo. Inaaminika kwamba jiwe linalokwaruza kioo ni almasi. Katika kipimo cha ugumu kilichobuniwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, almasi ina daraja ya 10 na kwatzi 7, na zote mbili hukwaruza kioo. Njia bora ni kupima uzito wa jiwe hewani na kisha likining'inia ndani ya maji, kwa mizani nyepesi na uzi. Almasi ni nzito mara tatu na nusu kuliko maji ya ujazo uleule, kwatzi mara 2.65 tu. Umbo nalo husema: kwatzi hukua kama nguzo ya pande sita yenye ncha, ilhali almasi ghafi mara nyingi huwa na nyuso nane. Mtu mmoja mwenye ujuzi huu na mizani yake angeweza kutoa jibu pale kijijini siku ya kwanza.

Mji wa Durban wenyewe ni darasa la aina yake. Magharibi yake, katika Bonde la Vilima Elfu, kuna granaiti yenye umri wa takriban miaka bilioni moja, na juu yake umelala mwamba wa mchanga uliofanyika karibu nusu bilioni ya miaka baadaye. Juu zaidi hupatikana mwamba wa ajabu, wa kijivu na mgumu, uliojaa mawe ya kila aina na kila ukubwa, kana kwamba mtu ameyamwaga katika tope bila kuyachambua. Mwamba huo huitwa Dwyka.

Aliyeufumbua alikuwa tabibu. Peter Cormack Sutherland, Mskoti aliyekuwa mpimaji mkuu wa ardhi wa koloni la Natal, alikuwa amesafiri katika bahari za Aktiki kama daktari wa meli, wakati wa kumtafuta mpelelezi John Franklin aliyepotea. Huko aliona jinsi barafu inavyosomba mawe na kuyatua. Alipoukuta mwamba wa Natal aliitambua kazi ya barafu, na mwaka 1870 makala yake juu ya jambo hilo ilichapishwa London. Barafu katika nchi ya joto kama hii! Leo inafahamika kuwa takriban miaka milioni 300 iliyopita ardhi hiyo ilikuwa karibu na ncha ya kusini, ikiwa sehemu ya bara kongwe la Gondwana.

Ushahidi wa aina hiyo hupotea jiwe linapobebwa bila kuandikwa lilikotoka. Ndiyo maana mkusanyaji makini hubandika namba kwenye kila jiwe, na daftarini huandika mahali, tarehe na mwamba lilimotolewa. Akiki nzuri isiyo na maandishi hayo hufaa kwa pete tu.

Yapo pia ambayo hayaruhusiwi kuchukuliwa. Sheria ya urithi wa taifa ya mwaka 1999 inasema visukuku na vimondo ni mali ya dola, na kuvikusanya bila kibali ni kosa. Kumiliki almasi ghafi bila kibali ni kosa vilevile. Huko Trafalgar, pwani ya kusini ya jimbo, mabaki ya miti iliyogeuka mawe huonekana maji yanapokupwa, na ni marufuku kuyagusa kwa nyundo. Na huko Westville, mjini Durban, upo uso wa mwamba wa mchanga uliosuguliwa na barafu hadi ukabaki na michirizi. Anayeuzuru huenda na dira, hupima uelekeo wa michirizi hiyo, kisha huuandika daftarini.