6080: Valvu ya Kudhibiti Volteji Iliyohamia Kwenye Muziki

Je, wajua kwamba valvu inayopendwa sana na watu wanaojiundia amplifaya za hedifoni nyumbani haikubuniwa kwa ajili ya muziki? Inaitwa 6080. Ni ndugu imara wa 6AS7G, valvu iliyotolewa na kampuni ya RCA ya Marekani katika miaka ya 1940 kwa kazi ya kudhibiti volteji. Kwa kuwa ilitakiwa kupitisha mkondo mkubwa, ukinzani wake wa ndani ni mdogo mno kwa valvu, takribani omu 280. Ndiyo maana huendesha hedifoni bila transfoma ya kutolea sauti, kifaa kizito na cha gharama.

Mfano maarufu ni Crack, amplifaya ambayo kampuni ya Bottlehead ya Marekani huiuza vipande vipande, mnunuzi akailehemu mwenyewe. Ndani yake valvu ndogo ya 12AU7 hukuza mawimbi, kisha 6080 huyapa nguvu. Wengi wakimaliza kuiunda hukimbilia kununua valvu za zamani kwa bei ya kutisha. Naona huko ni kuanzia mkiani.

Anza na hedifoni yenyewe. Ukinzani wa amplifaya hii upande wa kutolea sauti ni takribani omu 120. Hedifoni ya omu 300, kama Sennheiser HD 600, hupata sehemu kubwa ya volteji. Ile ya omu 32 hupata chini ya robo. Iliyobaki hupotea ndani ya amplifaya.

Kisha njoo kwenye kapasita ya kutolea sauti. Hii huzuia mkondo mnyoofu wa 6080 usifike kwenye hedifoni, na kila noti uisikiayo imepita humo. Crack huja na kapasita za elektroliti za maikrofaradi 100. Kwa hedifoni ya omu 300, besi huanza kupungua karibu na hezi 4, chini kabisa ya uwezo wa sikio. Badala yake unaweza kufunga za plastiki ya polipropilini, ambazo hazikauki kwa miaka. Tatizo ni ukubwa: moja ya maikrofaradi 100 huweza kujaa kiganja. Hapo mtu hushawishika kuweka ya maikrofaradi 10 kwa sababu inaenea kwenye sanduku, na kikomo cha besi hupanda hadi karibu hezi 38, jirani kabisa na hezi 41 za uzi mnene wa gitaa la besi. Ametumia pesa nyingi kuupunguza muziki wake! Afadhali sanduku kubwa zaidi kuliko kapasita pungufu.

Ukibaki na elektroliti, ziweke mbali na 6080. Hita ya valvu hiyo peke yake hula takribani wati 16, na kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hukata maisha ya kapasita karibu nusu.

Kuna pia nyongeza iitwayo Speedball, inayoondoa baadhi ya rezista na kuweka transista za kushikilia mkondo usiyumbe. Wapo wanaochukia kuona transista katika nyumba ya valvu. Sikubaliani nao: kazi ya kukuza muziki bado ni ya valvu, ila sasa zinaifanya kwa upotoshaji mdogo zaidi. Kitasa cha sauti nacho kisidharauliwe. Kilicho duni huachanisha masikio sauti inapokuwa ya chini, moja likasikia zaidi ya jingine. Rezista za utando wa metali ni rahisi kwa bei na zina mvumo mdogo kuliko za kaboni. Valvu za zamani zije mwisho, pesa ikibaki.

Kabla ya kubadili chochote, kumbuka kwamba humo ndani mna zaidi ya volti 150, na kapasita huweza kuzihifadhi hata waya ukishachomolewa. Chomoa, subiri, pima kwa mita, na usiguse kitu mpaka isome karibu na sifuri.