Wokovu uliolipa madeni

Mwenye duka mmoja wa mji mdogo nilikokulia, mkoani Kagera, alipenda kumsimulia kila mgeni kisa cha mchukuzi wake wa kahawa. Asubuhi moja, kabla hajamaliza kufungua milango, alimkuta mtu huyo kibarazani, miaka minne baada ya kuacha kazi pale. "Bwana Yesu asifiwe, mzee," akasema, akafungua leso na kuhesabu shilingi mezani. Misimu yote aliyobeba magunia alikuwa akichota kahawa kidogo kidogo na kwenda kumuuzia mchuuzi wa pembeni. Sasa ameokoka, amekuja kulipa. Mwenye duka, Mwislamu wa swala tano, hakujua aseme nini. Deni lile halikuwa kwenye daftari lolote. Hata kuibiwa hakujua kama aliibiwa.

"Mimi na wale Walokole hatukusali pamoja," alikuwa akimalizia, "lakini hao nilikuwa nawakopesha sukari bila kuandika."

Neno mlokole siku hizi ni la utani. Ukikataa bia, mlokole. Ukivaa sketi ndefu, mlokole. Limetoka kwenye Kiganda, balokole, yaani waliookoka, na tangu mwanzo lilisemwa nusu kwa kejeli. Lilikuwa jina la watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao sijui kwa nini tunawasahau kila tunapojiuliza Ukristo wa siku za kazi unafananaje.

Uamsho huo haukuanzia kwenye mkutano wenye jukwaa. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, wa hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, alifika Kampala akiwa hoi. Rwanda ilikuwa imepigwa na njaa kali, naye alikuwa amechoka mwili na imani pia. Kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, na kwa siku mbili wakakaa kusoma Biblia na kuomba. Ndivyo tu. Mganda na Mzungu, enzi za ukoloni, wameketi pamoja kila mmoja akikiri upungufu wake. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu Gahini. Alifariki Januari 1936, lakini wakati huo habari ya uamsho ilikuwa imeshaanza kutembea kutoka Gahini, na kabla miaka kumi kwisha ilikuwa imeingia Uganda, Kenya, Burundi na huku kwetu Tanganyika.

Kilichowashangaza watu ni yale yaliyofuata maombi. Waliookoka walirudisha vitu: mali ya hospitali, ya waajiri, ya majirani. Walilipa kodi walizokwepa. Mume alikwenda kumwomba mkewe msamaha mbele ya watu, jambo ambalo kwa wazee wengi lilikuwa aibu kubwa kuliko wizi wenyewe. Wamisionari nao walisimama mbele ya wasaidizi wao Waafrika wakakiri kiburi cha rangi.

Mambo haya yalikuwa na utaratibu wake. Kila wiki ndugu walikutana, mara nyingi nyumbani kwa mmoja wao au chini ya mti. Walisoma Neno, kisha mmoja mmoja akaeleza jinsi alivyoishi tangu walipoonana mara ya mwisho. Hilo waliliita kutembea nuruni. Hukuruhusiwa kusema tu "mimi ni mwenye dhambi," maana hilo hata mwizi wa ng'ombe anaweza kulisema akiwa na kamba mkononi. Ulisema: Jumanne nilimdanganya mnunuzi kuhusu uzito wa kahawa. Nimemsema vibaya shemeji yangu. Ulipomaliza, wenzako waliimba wimbo wao, Tukutendereza Yesu, nawe kesho yake ukaenda kwa mnunuzi na kwa shemeji. Usipokwenda, wiki iliyofuata wangekuuliza.

Hapo ndipo naona siri yao ilipokuwa. Walimpenda Yesu kwa namna iliyokuwa na mashahidi. Uhusiano na Bwana haukuwa siri ya moyoni ambayo hakuna anayeweza kuikagua. Uligusa mizani, kitanda na daftari. Zakayo wa kwenye Injili alipompokea Yesu nyumbani kwake, jambo la kwanza alilotaja ni hesabu za fedha, na hawa waliisoma habari hiyo kama maelekezo ya kazi.

Mmoja wao, Festo Kivengere, mwenyeji wa Kigezi, Uganda, aliyefundisha Dodoma miaka ya 1940 na 1950 kabla ya kuwa askofu, alipookoka alipanda baiskeli akaenda mbali kumwomba radhi Mzungu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemchukia. Hayo yalikuwa mazoezi. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, naye mtu wa Uamsho, aliuawa na utawala wa Idi Amin, na Kivengere akakimbia Uganda na mkewe. Mwaka huohuo alitoa kitabu chenye jina la Kiingereza ambalo kwa lugha yetu ni "Nampenda Idi Amin." Anayeliona jina hilo kama tusi kwa waliofiwa simlaumu. Lakini msamaha wa namna hiyo hauokotwi siku ya msiba. Alikuwa ameuanza miaka mingi nyuma, juu ya baiskeli.

Kenya nako, baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, wengi wa ndugu hawa katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wapo waliokataa pia kubeba bunduki ya serikali. Wakachukiwa na pande zote mbili. Baadhi waliuawa.

Sitaki kuwafanya malaika. Walikuwa wepesi wa kuhukumu. Asiyesimulia wokovu wake kwa maneno yao walimwona bado yuko gizani, hata awe mchungaji. Maungamo ya hadharani yalivunja nyumba kadhaa, kwa sababu dhambi ya zinaa ina watu wawili na mmoja wao hakuomba kutajwa. Uganda waligawanyika wenyewe kwa wenyewe.

Na kuna Rwanda. Januari 1964 mchungaji Yona Kanamuzeyi, mtu wa Uamsho aliyewahudumia Watutsi waliofukuziwa Nyamata, alichukuliwa na askari akapigwa risasi. Miaka thelathini baadaye, wakati wa mauaji ya kimbari, katika Nyamata hiyohiyo, maelfu waliokimbilia kanisani waliuliwa humo, na wengi wa wauaji walikuwa wamebatizwa. Nchi iliyouzaa Uamsho ndiyo iliyoshuhudia hayo. Iliwezekanaje? Nimewasikia wahubiri wakiliruka swali hili kwa haraka mno. Mimi nalichukua hivi: uamsho haurithiwi. Kizazi kinachoimba wimbo wa babu bila kurudisha deni la babu hakijaokoka, kimepata urithi wa muziki tu.

Na sisi? Makanisa yamejaa, spika zinasikika hadi mtaa wa tatu. Juzi nilipanda basi dogo lenye jina la Yesu kwenye kioo cha nyuma kwa herufi kubwa kuliko namba ya gari. Kondakta akanipunja chenji, nilipodai akaniambia nimsamehe kwa jina hilohilo. Nilicheka, kisha nikakosa raha. Ofisini kwetu kuna maombi kila Ijumaa mchana, na tunaosali ndio tunaojaza fomu za posho za safari tusizosafiri. Nimesema tunaosali. Nimo.

Wazee wale hawakuwa na neno maalumu la maisha ya Kikristo kazini. Hawakulihitaji. Bibi yangu, aliyekuwa mmoja wao, alifunga senene kwenye majani ya mgomba kwa vipimo sawa, na akigundua kifurushi kimepungua alimfuata mnunuzi hadi stendi akiwa na cha kuongezea mkononi. Alikuwa akihema, akicheka, akimshukuru Yesu kwa sauti ya kuudhi kidogo.

Msomaji wangu wa Jumapili, kabla ya ibada ya leo chukua kalamu. Andika jina moja la mtu unayepaswa kumwomba msamaha au anayekudai fedha, na namba yake ya simu ukiwa nayo. Mimi langu nimeshaliandika; ni mhasibu, na Jumatatu yuko kazini kuanzia saa mbili.