Viatu vyembamba havikufundishi kukimbia

"Baba, mbona unakanyaga kwa kishindo?"

Binti yangu wa darasa la tano aliniuliza hivyo Jumamosi moja asubuhi, tukiteremka njia ya udongo chini ya milima ya Uluguru. Yeye alikuwa amevua ndala na kuzishika mkononi, na hatua zake sikuzisikia hata kidogo. Mimi nilikuwa na raba nene za mtumba, goti la kulia likiuma, na kila nilipotua, hata majirani walijua kwamba napita.

Wiki iliyofuata nikanunua viatu vya kukimbilia milimani, vile vyepesi vyenye soli nyembamba inayokunjika kama chapati. Muuzaji alinihakikishia kwamba goti litapona. Siku ya kwanza nikakimbia kilomita sita. Kesho yake vigimbi vilikuwa vimekaza hata nikashuka ngazi kinyumenyume, watoto wakinicheka. Sikukoma. Wiki ya tatu juu ya unyayo pakaanza kuuma, mahali palepale kila siku. Daktari akasema mfupa umepata ufa mdogo, akanipumzisha wiki sita.

Nilikuwa nimebadili viatu bila kubadili ukimbiaji. Mzazi mwenzangu, kama unafikiria kununua viatu hivi, vyako au vya mtoto, anzia hapo.

Mwaka 2010 mtafiti Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha wakimbiaji, wakiwamo vijana wa Bonde la Ufa nchini Kenya waliokua bila viatu. Waliozoea kukimbia peku mara nyingi walitua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na mguu ukapokea uzito taratibu. Anayetua kwa kisigino hupata pigo la ghafla, ambalo laweza kufikia mara moja na nusu hadi mara tatu ya uzito wa mwili wake. Soli nene hulipunguza makali pigo hilo, kwa hiyo hatulisikii.

Lakini tusikimbilie kusema kila mtembea peku anajua kukimbia. Utafiti mwingine wa mwaka 2013, kwa Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ulikuta kwamba wengi wao hutua kwa kisigino wanapokwenda mwendo wao wa kawaida. Na mwaka huohuo watafiti wa Marekani waliwapa wakimbiaji viatu vyembamba kwa wiki 10. Katika 19 waliovivaa, 10 walionekana na dalili za kuumia ndani ya mifupa ya miguu. Niliposoma hivyo nikajiona mimi mwenyewe. Ukitua kwa mbele, goti hupata nafuu, ila mzigo haupotei: unahamia kwenye kigimbi, kano ya kisigino na mifupa midogo ya unyayo. Sehemu hizo zinahitaji miezi kuzoea.

Sasa ukimbiaji wenyewe. Kosa langu kubwa lilikuwa kurusha mguu mbele sana, kana kwamba naruka mtaro. Mguu unatakiwa kutua karibu na chini ya kiwiliwili, goti likiwa limekunjwa kidogo. Njia rahisi ya kufika hapo ni kufupisha hatua na kuziongeza. Hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa nusu dakika. Mimi nilipata 38, nikajizoeza 41 bila kuongeza kasi. Ongezeko la asilimia tano hadi kumi linatosha kupunguza mzigo wa goti. Usijilazimishe kutembelea vidole kama mwizi. Acha kisigino nacho kiguse chini. Kwenye mteremko fupisha hatua zaidi, tazama mita chache mbele, na legeza mabega.

Nilipopona, wiki mbili za kwanza nilivivaa nyumbani na kwenda navyo dukani tu. Kisha dakika tano za kukimbia, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Vigimbi kuchoka ni kawaida. Maumivu ya mahali pamoja juu ya mfupa si kawaida: acha, nenda hospitali. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asijaribu kabla ya kumwona daktari.

Watoto je? Usimnunulie mtoto soli nene ukidhani ndiyo afya. Lakini peku kila mahali nako sikushauri, maana njia zetu zina misumari na chupa, na minyoo ya safura huingilia kwenye ngozi ya miguu. Viatu vyembamba vinafaa hapo. Chora unyayo wake kwenye karatasi, kisha weka kiatu juu ya mchoro. Vidole vikitokeza pembeni, rudisha dukani. Soli ikunjike kwa mkono, kisigino kisiwe juu kuliko vidole, na chini pawe na meno ya kushika matope.

Tumerudi Uluguru sasa, naye ana vyake. Wiki hii nimefika dakika 12. Kwenye kupanda anasema hanisikii tena. Kwenye kushuka, anasema, bado.